Machano Mvuta Uzi

Paukwa!
Pakawa!
Haya sogeeni, moto ungali unawaka.

Hapo zamani za kale palikuwa na bakteria, mdogo hata jicho halimwoni. Kirusi mla bakteria alimdunga, akamtia uzi wake, na uzi ule ukazaa nyuzi tele. Kila uzi ulibeba siri ya ukoo mzima wa kirusi: jinsi ya kujenga ganda, jinsi ya kujenga mkia, jinsi ya kuingia kwa bakteria mwingine.

Humo ndani ya bakteria, mlangoni pa ganda moja tupu lililojengwa kwa siri hiyo, alikaa Machano, mvuta uzi. Kando yake alisimama dada yake Mize, mkataji.

"Dada, uzi mrefu hivi utaenea humu kweli?"

"Vuta tu, mdogo wangu."

Machano akala tonge la nguvu, akavuta, akakaza. Akala tonge, akavuta, akakaza. Akala tonge, akavuta, akakaza. Uzi ukaingia ukijizungusha, pindo juu ya pindo, hata nafasi ikawa finyu. Ukaanza kulia:

"Niache! Nabanwa! Nasukumana na mwili wangu mwenyewe!"

Ukarudi nyuma, nusura umponyoke. Machano akaung'ang'ania.

Mara ukuta wa bakteria ukalia: kwaa!

"Mize, nyumba inabomoka! Kata, tuingie gandani twende!"

"Nikikata sasa, uzi utakuwa pungufu. Ukoo utakwisha." Kisha Mize akasema polepole, "Na sisi hatuingii. Ganda likijaa tunaondoka mlangoni, mkia unakaa mahali petu."

Siku zote Machano alidhani atasafiri.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungevuta?"

Machano akaushika tena uzi. Akala tonge, akavuta, akakaza, machozi yakimtiririka. Hakusimama mpaka ganda lilipojaa, mlango ukamsukuma mikono.

"Umejaa, dada. Kata."

Mize akakata. Wakapisha, mkia ukaja ukajifunga, ta! Papo hapo ukuta ukapasuka, wote wakamwagika nje majini, Machano na Mize wakielea katikati ya vifusi.

Kwa mbali wakaliona ganda lao likitua juu ya bakteria mwingine. Mkia ukatoboa. Uzi, kwa jinsi ulivyobanwa, ukafyatuka kuingia ndani bila mtu kuusukuma.

Mize akamshika nduguye mkono. "Umeona?"

"Nimeona," akasema Machano. "Kumbe nilikaza vizuri."

Nami hadithi yangu naiacha papo hapo, majini, walipokuwa wameshikana mikono.