Mtoto Aliyezidi Katika 10,001

Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Wahenga walimsema hivyo mtu ambaye, badala ya kukiri kasoro yake, hutafuta pa kuitupia lawama. Mratibu wa halaiki ya shule zote za wilaya aliitupia namba.

Watoto waliojiandikisha kucheza uwanjani kwa safu walikuwa 10,001. Mratibu alitangaza kikaoni kwamba namba hiyo ni tasa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe, hivyo haipangiki katika safu zilizo sawa. Wangecheza elfu kumi tu, safu mia za watoto mia mia, na mmoja angebaki nje. Kati ya watoto wote hao, aliyezidi akawa binti mmoja anayetembea kwa gongo.

Shangazi yake, mwalimu wa hesabu, alikuwa ameketi papo hapo. Mtoto wa kaka yake alikuwa amefanya mazoezi tangu muhula uanze, hatua zote anazijua kama jina lake. Leo achambuliwe kama kokoto kwenye mchele?

"Umeigawa kwa ngapi, mwalimu?" aliuliza.

"Kwa mbili, tatu, tano, saba, mpaka kumi na tisa. Imekataa. Hesabu haina huruma, dada yangu."

"Hesabu usiisingizie. Umechungulia mlangoni tu, ukasema nyumba haina watu."

Akashika chaki. Mia mara mia ni elfu kumi. Kwa hiyo kama 10,001 ina vigawo vingine, kimojawapo lazima kisizidi mia. Akikosa humo, namba ni tasa kweli, na mtoto hana wa kumtetea. Akagawa kwa ishirini na tatu, ikakataa. Kwa thelathini na moja, ikakataa. Arobaini na tatu, hamsini na tisa, zote zikaacha baki. Mratibu akaanza kutabasamu, na tabasamu lile likamuudhi shangazi kuliko hesabu yenyewe. Hakuacha. Alipofika sabini na tatu, ikaingia mara mia moja thelathini na saba, bila baki.

"Safu sabini na tatu," alisema, "za watoto mia moja thelathini na saba. Na mwanangu akiwemo."

Mratibu alikohoa. "Sawa, lakini mistari ya uwanjani imeshachorwa."

"Tutaifuta," alijibu mwalimu wa michezo wa shule ya binti yule. "Ni chokaa tu ile."

"Na mdundo ni wa haraka."

"Anaufuata," akasema tena mwalimu wa michezo. "Mimi ndiye ninayemfundisha."

Mratibu akajifuta jasho, akatazama dirishani. "Jamani, mimi namhurumia tu. Siku hiyo jua litakuwa kali."

"Jua litawawakia watoto wote," alisema shangazi. "Sema tu kwamba hutaki gongo lionekane."

Walimu wakainua mikono kupitisha safu sabini na tatu, mratibu akabaki anatazama dirisha kana kwamba jua lingemjibia. Ama kweli, mbaazi ukikosa maua husingizia jua.