Majoho ya Mwinyikambi

Paukwa!
Pakawa!
Mbona mnaitikia kinyonge hivyo? Paukwa!
Pakawaaa!

Haya. Zamani hizo palikuwa na kijiji cha watu waliopenda heshima kuliko chakula. Na heshima waliipima kwa uzito wa nguo. Ukienda kuposa, vaa joho. Ukiwa mtu mwenye jina, vaa mawili.

Kijana Shekue alimtaka Mwanaisha, binti wa ng'ambo ya mlima. Alimtaka mpaka usingizi ukampotea. Na mlima wenyewe hauna hata mti, ni mawe na jua tu. Tena kule ng'ambo wana mwiko wao: mshenga hagusi maji kabla hajasema la posa. Akiomba maji kwanza, posa imekufa.

Mshenga alikuwa Mwinyikambi, mjomba wake Shekue. Alivaa majoho matatu na kilemba kama mtungi. Nyuma yao akatokea bibi yake Shekue, Bi Kidawa, kikapu mkononi. Kavaa kanzu ya pamba, nyeupe, nyepesi, pana, mikono mpaka vidoleni, na mtandio umefunika shingo.

"Mama, utatuaibisha!" akasema Mwinyikambi. "Hicho si chandarua?"

"Upepo nao unataka njia, mwanangu."

Wakapanda. Tii, tii, tii. Jua, waa! Jasho, tiriri! Shekue akashindwa, akavua joho, akaenda kifua wazi. Mgongo ukamwaka kama umepakwa pilipili.

"Bibi, nakufa."

"Hufi. Jua hili halitaki joho, wala halitaki uchi."

Akatoa kikapuni kanzu nyingine kama yake. Shekue akaona haya, lakini akaivaa. Fuu, upepo ukapita ndani. Akasikia raha.

"Mjomba, vua na wewe."

"Mimi? Mtu na jina lake?"

Tii, tii, tii. Wakafika. Wazee wa ng'ambo wamekaa, wanangoja.

"Karibuni," akasema baba yake Mwanaisha. "Semeni lililowaleta."

Mwinyikambi akafungua kinywa. Ulimi umenata. Akayumba huku, akayumba kule. Puu! Chini.

"Ma... maji!"

Mlangoni, Mwanaisha akajifunika uso. Shekue alitamani ardhi immeze.

"Mshenga kaomba maji," akasema baba. "Posa imekufa."

Bi Kidawa akasogea mbele, hana jasho, hana haraka.

"Mshenga ni mimi, baba. Tumekuja kumwomba Mwanaisha, awe mke wa mjukuu wangu. Huyo tumekuja naye atubebee nguo."

Wazee wakaangua kicheko. Baba mtu alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mpeni bibi maji, na mchumba amempata," akasema. "Na huyo mbeba nguo mmwagieni."

Kijiji kikasikia, kikatubu. Majoho yakatupwa, kila mtu akashona kanzu kama ya Bi Kidawa. Posa nyingine ilipofika, Mwinyikambi yuleyule akatangulia. Kavaa kanzu nyepesi saba, moja juu ya nyingine.

"Unaonaje, Mama? Nimejifunza?"

Bi Kidawa akamtazama, akachukua kikapu chake.

"Twende," akasema. "Nitasema mimi."

Basi, wanangu, nguo ivaeni kwa ajili ya safari, si kwa ajili ya watazamaji. Ngano yangu nimeitua hapa. Mwenye kiu sasa, ruksa, na anywe.