Ufunguo wa Pikapu ya Mzee Sekiete

Haya, sogeeni. Na wewe mwenye simu, ifunike, maana hadithi hii haitaki mtu wa sikio nusu.

Huko kwetu milimani, Upareni, palikuwa na ndugu watatu, watu wazima, tumbo moja. Wa kwanza Kiondo. Huyo hakuna nati iliyomshinda. Iwe na kutu, iwe imeliwa kichwa, ataibembeleza mpaka itoke nzima. Wa pili dada yake, Nakijwa, mshona viatu. Akikitazama kitu mara moja, kisu chake kinakikata sawasawa. Wa tatu Mbazi, kitinda mimba. Mbazi alikuwa na mdomo. Ndiyo, mdomo tu! Akikusalimia, ugali wako unaungua na wewe bado unacheka.

Baba yao, Mzee Sekiete, alikuwa na pikapu kuukuu inayovuja oili. Gasketi, ile inayokaa kati ya injini na kifuniko chake cha juu, ilikuwa imekwisha. Oili ikachuruzika kwenye bomba la moto, moshi ukajaa, abiria wakakohoa kama wamefungiwa jikoni na kuni mbichi.

Sasa mama yao alikuwa hospitali kule chini Same, mguu umevunjika. Daktari akasema Jumamosi achukuliwe. Mama akatuma neno: "Pikipiki sipandi. Nikianguka tena kwenye kona zile, nyie mtanizika. Njooni na gari, au niacheni hukuhuku."

Mzee akashika kichwa. "Atakayezuia oili hii mama yenu akafika nyumbani, ufunguo wa gari ni wake. Nimechoka mimi!"

Kiondo akaanza. Nati za kifuniko zilikuwa zimeng'ang'ania kama zimezaliwa pale. "Nani kazikaza hivi?" akauliza. Akazilowesha, akazigonga taratibu, akangoja, akazirudia. Ingekatikia moja ndani, safari imekwisha. Zikatoka zote. Chini akakuta gundi juu ya gundi, maana kila ilipovuja ilipakwa tu nyingine. Akakwangua mpaka chuma kikang'aa, huku anasonya.

Nakijwa akaenda dukani kutafuta gasketi. Mwenye duka akacheka: "Gari hilo bado linaishi? Gasketi yake haipo siku hizi." Nakijwa akarudi na kipande kimoja cha karatasi ngumu ya gasketi, akakilaza juu ya kifuniko, akagongagonga ukingoni kwa nyundo ndogo mpaka alama ikajichora.

"Ukikosea hakuna kingine," Kiondo akamwambia.

"Basi niondokee kwenye mwanga."

Akakata. Kila tundu likaangukia mahali pake. Ndipo akaiokota ile gasketi ya zamani, akaigeuza. "Hii haikuzeeka. Hii imeminywa mpaka ikapasuka."

Wote watatu wakamgeukia baba yao.

"Mimi hukaza kidogo tu," Mzee akasema. "Nikipita asubuhi. Na rafiki yangu Mzee Mshana akija kunijulia hali, naye hukaza kidogo. Kwa wema!"

Ndivyo walivyo wanaume wa kwetu! Boneti ikiwa wazi, hapiti mtu bila kushika spana, kama vile asiposhika atakuwa hajasalimia. Basi Kiondo akaibandika gasketi mpya kwa gundi, akarudisha kifuniko, na gundi hiyo ilitaka iachwe ikauke mpaka kesho yake, isiguswe.

"Mbazi," Nakijwa akasema, "mshike baba."

Mbazi akaleta kigoda. Mzee akaanza kuinuka: "Ngoja niangalie ile nati ya kona..."

"Baba, ni kweli mahari ya mama ulipeleka mbuzi kiwete, au shangazi anakuzushia?"

"Kiwete? Kaa hapo nikwambie!"

Mara Mzee Mshana huyo, na spana yake mkononi. "Karibu, mzee," Mbazi akamwita, "tunakusubiri wewe! Si ulikuwepo mahari ilipopelekwa?" Naye akakalishwa. Wazee wakabishana juu ya mbuzi yule mpaka jua likazama, na kulipokucha wakaanza upya. Sauti ya Mbazi ikakauka, hakubanduka. Spana hazikuinuka.

Jumamosi pikapu ikashuka, ikapanda, tone halikudondoka. Mama akateremka na mkongojo wake, hakukohoa hata mara moja. "Nani kanileta?"

"Mimi," Kiondo akasema. "Nati ingekatika, ungelala hukohuko."

"Na ungefunika injini kwa kitu gani, kofia yako?" Nakijwa akamrukia.

Mbazi akanong'ona, sauti hana: "Baba angekaza. Yote yangepasuka."

"Wewe hujashika hata boliti!" Kiondo akamkemea.

"Nimeshika wazee wawili. Jaribu wewe."

"Na mimi je," Mzee akadakia, "niliyekaa nisikaze? Mnajua ilivyoniwasha mikono?"

"Basi wagawane," jirani mmoja aliyekuja kumpa mama pole akasema.

"Aa!" Mzee akakataa. "Niliahidi mtu mmoja, sikuahidi baraza."

Mama akauchukua ufunguo, akaufunga kwenye pindo la kanga. "Gari haliwashwi mpaka nijue ni la nani."

Na hapo ndipo walipo hadi sasa, ndugu watatu, kila mmoja ameununia ukuta wake, na Alhamisi mama anatakiwa arudi kwa daktari. Ungekuwa wewe, ungefungua fundo lile umpe nani? Kiondo, Nakijwa, au Mbazi? Semeni, lakini semeni upesi, maana Mzee Sekiete ameshaanza kulizunguka gari na spana mkononi, na Mbazi hana sauti.