Bi Pelele Ana Ufa

Hapo zamani za kale, wanangu, kabla hata ya mvi zangu hizi, paliishi Bi Pelele, mnyama mdogo kama sungura, mjane, peke yake katika nyumba ya udongo. Mimi nimezunguka nchi nyingi na kulala chini ya mapaa yanayovuja ya kila aina, lakini nyumba ile ilizidi! Ukuta wa nyuma ulipasuka kutoka juu hadi chini, ufa wa kupitisha mkono. Unyevu ulipanda, kuvu ikaota hadi kichwani pa kitanda. Na masika yalikaribia: mvua mbili tu, ukuta ungemwangukia.

Hakuna aliyempigia hodi. Alipika chakula cha mmoja, lakini kwa mazoea aliosha vikombe viwili.

Kila siku alisimama mlangoni.

"Bwana Kiboko! Nina ufa!"

"Usipoziba ufa utajenga ukuta, Bibi!" Kiboko akapita zake, puu, puu, puu.

"Shemeji Nyati! Nina ufa!"

"Kesho, shemeji, kesho!"

Kesho ya Nyati ilikuwa na umri wa miezi saba.

Mara akafa Mzee Ngiri. Loo! Pori zima lilifurika kwake na majembe, ndoo na masufuria.

"Kumbe!" Bi Pelele akajisemea. "Hapa kwetu mtu hatembelewi mpaka afe."

Asubuhi yake akajilaza, akaweka mdomo kwenye ufa, akavuta sauti ya mgonjwa: "Jamaniii... nina... ufaaa!"

Nje, Nyati aliyekuwa akipita na Kiboko akasimama ghafla. "Umesikia? Shemeji anakufa!"

"Maskini, na alivyokuwa mkarimu!" akasema Kiboko, ambaye hajawahi kuonja hata maji yake.

Kabla ya adhuhuri, chwa! chwa! majembe yameshachimba kaburi. Ndoo za maji ya kuoshea zimepangwa, maharage yanachemka. Nyati analia kwa kwikwi. Ndipo Kiboko akapiga hodi.

"Karibuni," akaitika maiti.

Nyati akarudi kinyumenyume, akakanyaga ndoo, pwaa!

"Si ulisema unakufa?"

"Nilisema nina ufa, shemeji. Huu hapa. Kufa mmekusikia wenyewe."

Kiboko akautazama ufa, akaitazama kuvu.

"Bibi," akauliza polepole, "unalala humu?"

"Nalala humu. Sasa udongo mmeshachimba, maji mmeshaleta. Mnakandika, au niwafie kwanza?"

Wakakanyaga tope kwa aibu, fyata, fyata, fyata. Kufika alasiri, udongo wote wa kaburi ulikuwa ukutani, na ufa hauonekani.

Kisha wakala maharage ya matanga pamoja na marehemu mwenyewe. Hawakupata nafasi ya kuaga, maana alizungumza yeye tu, mpaka sauti ikamkauka; miezi saba hakuwa na wa kumwambia hata kwamba chai ni ya moto.

Basi, wanangu: mwenye ufa mpigieni hodi kabla hajafa.