Nyayo za Mwanamkasi

Sogeeni. Nawe unayefagia huko nyuma, njoo, hadithi hii ni yako.

Mwanamkasi alitamani sakafu isiyo na doa, zimwi likamletea fagio. "Litakuachia siku sakafu itakapobaki bila unyayo." Fagio likamganda mkononi, hata kulala akalala nalo.

Akafagia, akageuka: nyayo. Akafagia tena: nyayo. Bintiye Tunu akaita mlangoni, "Mama, chakula kinapoa!"

"Nakuja mwanangu, bado kidogo tu."

Akafagia hadi kiuno kikakataa. Akageuka: nyayo. Akaweka mguu wake juu ya mmojawapo, ukaenea barabara.

"Kumbe najifuta mwenyewe! Basi zikae. Mimi naishi humu."

Tamaa ilipomtoka, fagio likaanguka, pu!

Wewe, mbona lako bado umelishika?