Mwasumini Uliohamishiwa Mlango wa Mbele

Mtu mmoja, jina lake Mbarouk, alikuwa na mwasumini nyuma ya nyumba yake, karibu na bafu, chini ya dirisha la binti yake Raya. Marehemu mkewe ndiye aliyeupanda, mwaka aliomzaa huyo binti, na kabla hajafa aliusia neno moja tu: Raya akiolewa, asumini za kichwani zitoke hapo. Miaka ishirini mti ule ulikunywa maji ya bafuni na kutoa maua, wala haukudai kitu.

Posa ikaja, harusi ikapangwa, zikabaki wiki mbili. Mti umejaa vitumba. Hapo ndipo Mbarouk alipoingiwa na fahari. Wakwe ni watu wakubwa, wataingia kwa mlango wa mbele, na mlango wa mbele hauna hata jani. Akaona ni aibu mwasumini mzuri namna ile kukaa bafuni. Jirani yake Bi Zume, ambaye kila akipandacho hushika, alimsihi angoje mvua, maana mti wenye vitumba haung'olewi juani. Na ukitolewa, utolewe na udongo wake. Lakini sikio la kufa halisikii dawa.

Akauchimbua mchana, jua la utosi. Udongo ulioshikana na mizizi ulikuwa mweusi, unanuka sabuni na majitaka, naye akaukung'uta wote asije akachafua mbele ya nyumba. Shimo jipya likawa dogo. Badala ya kulipanua shimo, yarabi, akachukua panga akaipunguza mizizi! Akaushindilia, akaumwagia ndoo mbili za maji, akarudi nyuma kuutazama. Siku hiyo ulipendeza.

Siku ya tatu majani yakasinyaa. Ya tano vitumba vikapukutika kimoja kimoja, havijafunguka. Mbarouk akautilia kivuli cha makuti, akaumwagilia asubuhi na jioni, akaomba dua, wapi! Moyo ulimuuma kama aliyemzika mkewe mara ya pili. Siku ya harusi Raya alivikwa asumini za kununua sokoni, na wakwe wakaingia, wakapita, asigeuze shingo hata mmoja kutazama pale mlangoni.

Wakati wa kuagana baba alitaka kuomba radhi. Raya akamshika mkono, akamwambia, "Baba, wale wangeuona siku moja tu. Mimi nimelala na kuamka na harufu yake tangu nizaliwe. Mbona hukuniuliza?"

Mpaka leo Mbarouk chumba kile cha binti amekifunga, hawezi kuingia.

Nanyi mnaonisikiliza, nani kati yenu hajamng'oa ampendaye pale alipostawi, ili yeye asifiwe na wapita njia?