Kibuyu cha Ngwali na Chafya za Sultani

Hapo zamani, katika mji uliozungukwa na mikorosho, alikuwako Sultani Darweshi, ambaye kila mikorosho ilipochanua alipiga chafya tangu alfajiri, macho yakamwasha na pua ikamtiririka mbele ya wageni. Basi akaja tabibu mmoja, Jauhari, akasema, "Ewe mtukufu, dawa ni mtindi wangu. Ndani yake mna viumbe hai wasioonekana. Wakishuka tumboni huzifukuza chafya." Sultani akanywa, akatangaza kuwa amepona, kisha akapiga chafya. Mawaziri wakaitikia, "Shifaa!" yaani amepona, kama ilivyokuwa desturi ya baraza lile, wala hakuna aliyethubutu kusema zaidi.

Ikawa kwa mtindi huo tabibu ametaka maziwa ya mbuzi mweusi, na mbuzi mweusi mjini alikuwa mmoja tu, wa Ngwali, fukara aliyemlea mjukuu asiye na mama kwa maziwa hayo. Askari wakamswaga mbuzi hadi jumbani. Ngwali akawafuata.

"Maulana, nirudishie mbuzi wangu. Mtindi ni chakula chema, lakini chafya bado unapiga."

Jauhari akacheka. "Mtazameni tabibu wa zizini!"

Sultani akaghadhibika. "Wewe mjuzi, kesho niletee dawa isiyo na dawa ndani yake, nami nipate nafuu ile ile. Ukishindwa, mbuzi atabaki hapa nawe utalala gerezani."

"Nimesikia na nimetii. Ila naomba inywewe kwa heshima ile ile anayofanyiwa tabibu."

Asubuhi yake Ngwali akaleta kibuyu kilichofunikwa hariri. Ubani ukafukizwa, Sultani akanywa, mawaziri wakanguruma, "Shifaa!"

"Aa!" akasema Sultani. "Pua imefunguka. Hata macho yamepoa!"

Jauhari akakinyakua kibuyu, akaonja, akapiga kelele. "Mwizi! Huu ni mtindi wangu! Nawasikia viumbe wangu wakitembea kooni!"

"Hao labda umekuja nao mwenyewe," akasema Ngwali. "Maulana alitaka dawa isiyo na dawa. Huo ni uji wa mchele. Nimeuchuja, nikaukamulia ndimu. Tena umechemka sana. Kama ndani mlikuwa na kiumbe hai, nimekwisha kumzika."

Waziri mkuu, aliyekuwa akijipangusa machozi ya furaha, akaendelea kujipangusa, maana hakujua afanye uso gani mwingine. Sultani akafumbua kinywa ahukumu, ikamtoka chafya iliyoangusha kilemba.

"Shifaa!" wakaitikia wote.

Basi Sultani akaona haya, akamfukuza Jauhari mjini, akaamuru mbuzi arudishwe. Ngwali akashika kamba, akaondoka bila kugeuka, maana nyumbani alimwacha mtoto ana njaa. Hata alipofika mlangoni pa jumba, Sultani akamwita kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba tumbaku:

"Ngwali, bwana wee... huo uji uliobaki, uache."